Wayahudi wa Urusi: Miaka 200 ya kuishi kwa kibali

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1843 mfalme wa Urusi, Tsar Nicholas wa Kwanza, alitoa amri: Wayahudi wote wanaoishi ndani ya kilomita zipatazo 53 kutoka mpaka wa Urusi na nchi za Prussia na Austria wahame. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja tu: magendo.

Haikuulizwa nani alikamatwa na mzigo usiolipiwa ushuru. Haikuulizwa nani analipa kodi yake kila mwaka. Muuza chumvi, fundi viatu, mjane na mwalimu wa watoto, wote walitiwa kapu moja. Utekelezaji ulisuasua kwa miaka mingi, kwani si rahisi kuhamisha miji mizima. Lakini amri ilikuwepo, na mtu anayeishi chini ya amri ya namna hiyo hulala jicho moja likiwa wazi.

Anayevuka mpaka kila juma na bidhaa zake ataielewa habari hii upesi. Aliyerejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi ataielewa zaidi. Ndiyo maana historia ya Wayahudi wa Urusi inafaa kusomwa hata na sisi tulio mbali na theluji ya huko. Ni historia ya watu waliotawaliwa na wafalme, kisha na makomredi, na kila utawala ukaja na sababu yake ya kuwabana. Sababu zilibadilika. Chombo kilichotumika kilibaki kile kile: karatasi.

Mpaka uliwavuka wao

Kabla ya mwaka 1772 Urusi ilikuwa na Wayahudi wachache sana. Malkia Elizabeth aliamuru mwaka 1742 wafukuzwe nchini. Alipoelezwa na baraza lake kwamba biashara ya mji wa Riga na hazina ya serikali vingepata hasara, alikataa kubadili msimamo.

Lakini kati ya mwaka 1772 na 1795, Urusi, Prussia na Austria ziligawana nchi ya Poland mara tatu mpaka ikatoweka kwenye ramani. Urusi ikapata fungu kubwa, na ndani ya fungu hilo kulikuwa na mamia ya maelfu ya Wayahudi. Watu hao hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliowavuka wao.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mwaka 1790 wafanyabiashara wa Moscow walipeleka malalamiko serikalini. Walidai kwamba wenzao wa Kiyahudi waliokuja kutoka mikoa mipya wanauza kwa bei ya chini na kuwaharibia soko. Mwaka uliofuata, 1791, Malkia Catherine wa Pili akatoa amri kwamba Wayahudi wafanye biashara na kuishi katika mikoa fulani tu ya magharibi na kusini.

Kwa hiyo kizuizi kilichokuja kudumu zaidi ya karne moja kilichochewa kwa sehemu kubwa na ugomvi wa bei sokoni. Mwaka 1794 kikaongezwa kingine: Wayahudi walitakiwa kulipa kodi mara mbili ya ile waliyolipa Wakristo.

Eneo hilo lililotengwa lilianzia Bahari ya Baltiki kaskazini mpaka Bahari Nyeusi kusini. Kwa ramani ya leo ni sehemu kubwa ya Lithuania, Belarus, Ukraine na Moldova. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1897, Urusi ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni tano, na wengi mno kati yao walikuwa bado wamebanwa humo pamoja na katika majimbo ya Poland.

Watoto jeshini, matajiri Moscow

Nicholas wa Kwanza alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1827 aliamuru jumuiya za Wayahudi zitoe vijana wa jeshi. Utumishi ulikuwa miaka 25, na hesabu yake ilianza mtu akifikisha miaka 18. Watoto wa kuanzia miaka 12, na wakati mwingine chini ya hapo, walipelekwa kwenye kambi za mafunzo mbali na kwao, ambako walishinikizwa wabadili dini.

Viongozi wa jumuiya ndio waliopewa kazi ya kutimiza idadi. Wakakodi watu wa kuwakamata watoto mitaani na majumbani, na waliochukuliwa zaidi walikuwa wa maskini. Wenye uwezo walijua namna ya kupenya. Utaratibu huo wa kuwachukua watoto ulifutwa mwaka 1856, lakini uliacha chuki kati ya tajiri na maskini ndani ya jumuiya zenyewe. Serikali inapotaka kuwabana watu wa jamii moja, mara nyingi huwatafuta wa ndani wafanye kazi hiyo kwa niaba yake.

Mfalme aliyefuata, Alexander wa Pili, alilegeza kamba. Mwaka 1859 wafanyabiashara wakubwa waliolipa ada ya daraja la kwanza waliruhusiwa kuishi nje ya eneo lililotengwa. Mwaka 1861 wakafuata wenye shahada za juu za chuo kikuu, mwaka 1865 mafundi wa mikono, na mwaka 1867 wanajeshi wastaafu.

Wengi walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Watu walihamia St. Petersburg na Moscow, wakafungua benki, karakana, maduka na zahanati. Hata hivyo ruhusa hizo zote hazikuwa haki ya raia. Zilikuwa vibali. Fundi aliruhusiwa kubaki maadamu anafanya kazi ya ufundi wake. Mfanyabiashara alibaki maadamu analipa ada. Katika mji wa Kiev polisi walifanya misako ya usiku, wakigonga milango na kudai karatasi. Aliyekosa alirudishwa kwao kama mhalifu. Na penye karatasi inayodaiwa usiku wa manane, msomaji anajua, mkono mtupu haulambwi.

Sheria ya muda iliyodumu miaka 35

Mwezi Machi mwaka 1881 Alexander wa Pili aliuawa kwa bomu na wanamapinduzi. Katika kundi lao kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kiyahudi. Hilo lilitosha. Kuanzia Aprili, katika mji wa Elizavetgrad na baadaye Kiev na kwingineko, makundi ya watu yalivamia mitaa ya Wayahudi, yakavunja maduka, yakapora na kupiga. Warusi huita mashambulizi ya namna hiyo pogromu, na neno hilo limeingia katika lugha nyingi za dunia.

Badala ya kuwabana walioshambulia, serikali iliwabana walioshambuliwa. Mei 1882 zilitangazwa kanuni zilizoitwa za muda. Wayahudi walikatazwa kuhamia vijijini, kununua ardhi huko, na kufanya biashara Jumapili na siku kuu za Kikristo. Maofisa wengine waliviandika upya vimiji vidogo kuwa vijiji, ili wapate sababu ya kuwaondoa watu. Kanuni hizo za muda ziliendelea kutumika mpaka mwaka 1917.

Mwaka 1887 shule za sekondari na vyuo vikuu viliwekewa kiwango: asilimia 10 ya wanafunzi ndani ya eneo lililotengwa, asilimia 5 nje yake, na asilimia 3 katika miji mikuu miwili. Mwaka 1891 Wayahudi wapatao 20,000 walifukuzwa Moscow, wengi wao mafundi walioingia kihalali kwa kibali cha mwaka 1865. Kibali kilikuwa kile kile. Aliyebadilika ni mwenye kukisoma.

Watu wakaanza kuondoka. Kati ya mwaka 1881 na 1914 Wayahudi wapatao milioni mbili waliihama Dola ya Urusi, wengi wakienda Marekani. Maelfu waliovuka kwenda Austria bila hati walikwama katika mji wa mpakani wa Brody, na baadhi yao walirudishwa Urusi. Kuanzia mwaka 1892 uliwekwa utaratibu rasmi wa kuondoka kupitia shirika la uhamisho, lakini aliyetoka kwa kibali hicho alihesabiwa kuwa ameondoka moja kwa moja. Mlango ulikuwa wa kutokea tu.

Uasin Gishu yaingia katika habari

Aprili 1903 pogromu nyingine ilizuka katika mji wa Kishinev, ambao leo unaitwa Chisinau, makao makuu ya Moldova. Watu 49 waliuawa na mamia ya nyumba na maduka yakaharibiwa. Gazeti moja la huko lilikuwa limewachochea wasomaji kwa uzushi kwamba Wayahudi waliua mtoto wa Kikristo kwa ajili ya damu yake.

Habari za Kishinev zilitikisa dunia, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alijitolea kumpa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, eneo la kuwaweka Wayahudi wanaokimbia Urusi. Mpango huo hujulikana hadi leo kwa jina la Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya sasa nchini Kenya. Eneo hilo lilikuwa limeondolewa Uganda na kuunganishwa na Kenya ya wakati huo mwaka 1902 tu. Wanandi na Wamaasai, waliolitumia kwa malisho, hawakuulizwa.

Katika mkutano uliofanyika Basel, Uswisi, Agosti 1903, wajumbe 295 walikubali kutuma watu wa kuikagua ardhi hiyo, na 178 walikataa. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba waliotoka ukumbini kwa hasira walikuwa hasa wajumbe wa Urusi, wakiwemo wa kutoka Kishinev kwenyewe. Hao ndio waliokuwa na haraka kuliko wote ya kupata mahali pa kukimbilia, lakini hawakutaka mahali popote isipokuwa Palestina. Wakaguzi walifika Uasin Gishu, wakatoa taarifa, na mwaka 1905 mpango ukatupwa.

Mwaka huo huo wa 1905 pogromu zilienea katika mamia ya miji na vijiji vya Urusi, na Odessa peke yake ikazika mamia ya watu.

Si Warusi wote waliokaa kimya. Mwandishi Vladimir Korolenko alikwenda Kishinev na kuandika aliyoyaona. Mwaka 1911 mfanyakazi wa kiwanda cha matofali huko Kiev, Mendel Beilis, alikamatwa kwa uzushi ule ule wa damu ya mtoto. Serikali ilitumia nguvu zake zote ili atiwe hatiani. Mwaka 1913 wazee wa baraza, ambao wengi wao walikuwa wakulima wa kawaida, walisema hana hatia.

Uhuru wa mwaka mmoja

Tsar wa mwisho aliangushwa mapema mwaka 1917. Wiki chache baadaye serikali ya mpito ilifuta vizuizi vyote vya dini na uzawa. Kwa mara ya kwanza Myahudi wa Urusi aliweza kuishi popote bila kumwonyesha polisi kibali.

Furaha haikudumu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918 hadi 1921, makumi ya maelfu ya Wayahudi waliuawa, hasa Ukraine. Walioua zaidi walikuwa askari wa jeshi la utaifa wa Ukraine, Jeshi Jeupe na makundi ya wababe wa vita. Hata baadhi ya vikosi vya Jeshi Jekundu vilishiriki. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Wabolsheviki walipiga marufuku chuki dhidi ya Wayahudi mwaka 1918, na kwa kweli milango mingi ilifunguka. Vijana wa Kiyahudi waliingia vyuoni, jeshini na serikalini kwa wingi usiowahi kuonekana. Lakini masinagogi na shule za dini zilifungwa, na kufundisha Kiebrania kukawa kosa.

Mfanyabiashara mdogo aliumia kuliko wote. Kwa kuwa tawala zilizopita ziliwazuia kumiliki ardhi vijijini, Wayahudi wengi waliishi kwa uchuuzi. Sasa serikali ya makabwela ikamwita mchuuzi mnyonyaji. Aliyeishi kwa kununua na kuuza aliandikwa katika orodha ya walionyimwa haki. Hakupiga kura, alikosa kadi ya mgao wa chakula, na watoto wake walifungiwa mlango wa chuo kikuu. Baba alibanwa kwa kuwa Myahudi. Mwana akabanwa kwa kuwa mchuuzi, kazi aliyoirithi kwa sababu ya kubanwa kwa baba.

Kipengele cha tano

Desemba 1932 serikali ya Stalin ilianzisha pasi ya ndani kwa wakazi wa mijini. Ndani yake kulikuwa na mstari wa uzawa. Aliyezaliwa na wazazi wa Kiyahudi aliandikwa Myahudi, hata kama alizaliwa Moscow, hakujua dini wala lugha nyingine zaidi ya Kirusi. Kuanzia mwaka 1938 taratibu zilikazwa, na mtu hakuweza kujichagulia. Katika fomu za kazi na masomo, swali hilo lilikuwa kipengele cha tano, na watu wakatania kwamba Myahudi ni mlemavu wa kundi la tano.

Msomaji wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu hahitaji kuelezwa kitambulisho chenye jina la uzawa kinaweza kumfanyia nini mwenye nacho.

Wanazi walipoivamia nchi mwaka 1941, Wayahudi wa Kiev waliamriwa kujikusanya na hati zao, fedha na nguo za baridi. Walidhani wanahamishwa. Kwa siku mbili, Septemba 29 na 30, watu 33,771 walipigwa risasi katika bonde la Babi Yar. Hadi vita kwisha, zaidi ya milioni mbili ya Wayahudi katika ardhi iliyokuwa chini ya Moscow walikuwa wameuawa. Wayahudi wapatao nusu milioni walipigana katika Jeshi Jekundu.

Baada ya ushindi mtu angetegemea shukrani. Ikawa shukrani ya punda. Kitabu cha ushahidi wa mauaji hayo kilichotayarishwa na waandishi Ilya Ehrenburg na Vasily Grossman kilizuiwa. Mnara uliojengwa Babi Yar mwaka 1976 ulitaja raia wa Kisovieti, haukutaja Wayahudi. Mwigizaji Solomon Mikhoels, aliyeongoza kamati ya Wayahudi wa kupinga ufashisti wakati wa vita, aliuawa kwa siri mjini Minsk Januari 1948 kwa amri ya Stalin. Agosti 12, 1952, watu 13 waliohusishwa na kamati hiyo walipigwa risasi, wakiwemo waandishi mashuhuri wa lugha ya Kiyidi.

Januari 1953 magazeti yalitangaza kwamba madaktari tisa, sita kati yao Wayahudi, walipanga kuwaua viongozi kwa dawa. Wagonjwa wakaanza kuwakimbia madaktari wa Kiyahudi, na watu wakapoteza kazi. Stalin alifariki Machi 5. Mwezi mmoja baadaye serikali ilikiri kwamba kesi hiyo ilitungwa.

Kuondoka nako kosa

Miaka iliyofuata haikuwa ya mauaji. Ilikuwa ya milango inayofungwa taratibu. Baadhi ya idara za vyuo hazikupokea Wayahudi ila wachache, na baadhi ya kazi hazikutolewa, bila sheria yoyote kuandikwa.

Waliotaka kuondoka waliomba ruhusa ya kutoka. Wengi walikataliwa, na kuomba kwenyewe kukawa hatia. Mwombaji alifukuzwa kazi, kisha angeweza kushitakiwa kwa kukaa bila kazi. Mwaka 1972 serikali iliwataka wasomi walipe gharama za elimu yao kabla ya kutoka, na kiasi kilizidi mara nyingi mshahara wa mwaka. Kelele za nje zilifanya kodi hiyo iachwe mwaka uliofuata. Waliokwenda Israel walivuliwa uraia. Anatoly Shcharansky, aliyesemea waliokataliwa, alikamatwa mwaka 1977 na kuachiwa Februari 1986 katika mabadilishano ya wafungwa kwenye daraja la mjini Berlin.

Ruhusa zilipanda na kushuka kama bei ya mafuta. Mwaka 1979 waliruhusiwa watu 51,000 hivi. Mwaka 1986 hawakufika 1,000. Kilichoamua ni hali ya mazungumzo kati ya Moscow na Washington, wala si haki ya mwombaji. Lango lilipofunguliwa wazi kuanzia mwaka 1989, karibu watu milioni moja walikwenda Israel katika kipindi cha zaidi kidogo ya miaka kumi.

Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, masinagogi yalifunguliwa na shule zikaanzishwa. Mwaka 1997 pasi mpya ya Urusi ilitoka bila mstari wa uzawa. Baadhi ya walioondoka walirejea, wakafanya biashara huku na huko wakiwa na pasi mbili mfukoni. Mwaka 2012 jumba kubwa la makumbusho ya Wayahudi lilifunguliwa Moscow.

Hata hivyo vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilifanya makumi ya maelfu waondoke tena, akiwemo rabi mkuu wa Moscow, Pinchas Goldschmidt, aliyekataa kuunga mkono vita hivyo. Oktoba 29, 2023, umati wa watu uliingia mpaka kwenye njia ya ndege katika uwanja wa Makhachkala, Dagestan, ukiwatafuta Wayahudi katika ndege iliyotoka Tel Aviv. Baadhi yao walikuwa wakidai kuona pasi za abiria. Mwaka 2024 sinagogi la Derbent, katika jimbo hilo hilo, lilishambuliwa na kuchomwa moto. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu Wayahudi wapatao 83,000 tu nchini Urusi.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri. Wayahudi wa Urusi walivalishwa nguo hiyo mara nyingi: kibali cha tajiri, kibali cha fundi, kibali cha msomi, kibali cha kutoka. Kila mara aliyeiazimisha alirudi kuidai. Kwa hiyo mtu anapopewa karatasi mpakani, au anapopokelewa nyumbani kwa shangwe, kuna swali moja linalofaa kuulizwa mapema, wakati mambo bado ni mazuri: je, hii ni haki ya kila raia, au ni ruhusa ya mtu wa jina langu?